Kasino ya Simuni ya Dakika Tano: Hukumu, Hesabu na Njia ya Kujitoa

Himdi zote Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote, na Rahma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'ad. Miongoni mwa maswali tunayoletewa kwa wingi na vijana, na siku hizi hata na wazazi na wake zao, ni kuhusu michezo ya kasino inayochezwa katika simu kwa muda mfupi mfupi: dakika tano kijiweni wakati abiria hajapatikana, dakika kumi baada ya chakula cha mchana, raundi mbili tatu kitandani kabla ya kulala. Muulizaji mara nyingi anajua kuwa kamari ni haramu. Anachotaka kujua ni kama mchezo wa dakika chache, kwa shilingi mia au mia mbili, nao unaingia katika kamari hiyo iliyokatazwa, au ni burudani tu ya kupitisha wakati.

Jibu kwa ufupi: mchezo huo ni maysir, na maysir ni haramu kwa uchache wake na kwa wingi wake. Zaidi ya hapo, ufupi na kasi yake, ambavyo muulizaji anavitaja kama udhuru, ndivyo vinavyoufanya uwe wa hatari kuliko kamari nyingi walizozijua wazee wetu. Tunaeleza hayo hapa chini, kisha tunataja njia ya kujitoa kwa aliyekwishaingia.

MICHEZO YENYEWE NI IPI?

Kubeti kwa mechi kunafahamika: mtu anaweka mkeka, anasubiri dakika 90, kisha anajua amepata au amekosa. Kasino za mtandaoni hazimsubirishi mtu namna hiyo. Ndani yake kuna mashine za picha zinazozunguka, ambazo ni ndugu wa zile mashine za sarafu zinazoitwa dubwi huku mitaani kwetu. Kuna gurudumu la namba, kuna karata, na kuna michezo ya "kuanguka", ambayo maarufu zaidi katika Afrika Mashariki ni ule wa kidege uitwao Aviator, uliotengenezwa na kampuni ya Spribe na kuingizwa sokoni mwaka 2019.

Namna ya kuucheza ni nyepesi, na mtoto anaweza kuielewa kwa kutazama mara moja. Mchezaji anaweka dau. Kidege kinaruka, na namba inapanda: mara 1.10, mara 1.50, mara 2, mara 5. Akibonyeza kutoa kabla kidege hakijatoweka, analipwa dau lake kuzidishwa kwa namba iliyofikiwa. Kidege kikitoweka kabla hajabonyeza, dau lote limekwenda. Sekunde chache baadaye raundi nyingine inaanza. Mchezaji anaweza kuweka madau mawili kwa wakati mmoja, anaweza kuiagiza programu imchezee yenyewe bila ya kubonyeza, na pembeni ya kioo anaona orodha ya watu wengine wakilipwa. Raundi moja pamoja na kusubiri kwake mara nyingi haifiki nusu dakika.

Pesa inaingia na kutoka kwa simu ile ile. Tangu huduma za pesa kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mwananchi hahitaji kwenda benki wala dukani. Hiyo ni neema kubwa katika biashara na katika kusaidiana, lakini imeondoa pia kizuizi kilichokuwa kikiwalinda wengi. Zamani mcheza kamari ilimbidi atoke nyumbani, apite mbele za watu, aingie mahali panapojulikana, na haya ilimzuia. Leo anaweza kucheza akiwa ameketi msikitini akisubiri iqaamah, na aliye ubavuni mwake asijue.

MAYSIR KATIKA QUR-AAN NA SUNNAH

Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ameitaja maysir katika Suwrat Al-Baqarah, Aayah ya 219, Akabainisha kuwa katika pombe na kamari mna dhambi kubwa na mna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suwrat Al-Maaidah, Aayah ya 90 na 91, likaja katazo lililo wazi: kamari imeunganishwa na pombe, masanamu na mishale ya kupigia ramli, yote yakaitwa uchafu katika kazi za shaytwaan, na Waumini wakaamrishwa kujiepusha nayo. Katika Aayah ya 91 zimetajwa sababu nne: shaytwaan anataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allaah na Swalaah. Tuziweke akilini sababu hizo, kwani tutazirejea.

Maulamaa wameeleza kuwa neno maysir lina uhusiano na wepesi, kwa kuwa mtu anachukua mali kwa wepesi bila ya jasho. Katika zama za ujahiliya, Waarabu walikuwa wakichinja ngamia na kupiga kura kwa mishale kumi: saba ina mafungu, kuanzia fungu moja hadi saba, na mitatu haina kitu. Aliyetokewa na mshale mtupu alichangia gharama ya ngamia na hapati nyama. Na walioshinda walijifakharisha kwa kuwagawia mafakiri ile nyama. Jambo hili lina mazingatio makubwa. Kamari ile ilikuwa ya polepole, ilichezwa hadharani, na masikini walikula kwayo. Pamoja na hayo Allaah Ameiharamisha. Basi vipi kuhusu kamari ya upweke, ya sekunde ishirini, ambayo masikini ndiye anayeliwa?

Katika Sunnah, imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim kutoka kwa Abuu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu) kwamba mtu akimwambia mwenzake waje wacheze kamari, basi na atoe sadaka. Kafara imetajwa kwa ajili ya mwaliko tu, hata kabla ya mchezo kuchezwa. Na Muslim amepokea kutoka kwa Buraydah (Radhiya Allaahu 'anhu) kufananishwa kwa mcheza nardi na mtu aliyeuchovya mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe.

Kipimo ambacho Maulamaa wanakitumia ni hiki: kila muamala ambao mtu anaingia akitoa mali, naye hajui atatoka na faida au hasara, na faida ya mmoja inatokana na hasara ya mwingine pasi na bidhaa, kazi wala huduma ya halali baina yao, huo ni qimaar. Ukiuweka mchezo wa kidege katika kipimo hiki, hautoki hata nukta moja. Dau limetolewa, matokeo hayajulikani, na hakuna kilichouzwa wala kilichotengenezwa. Ni kula mali kwa baatwil, jambo lililokatazwa katika Suwrat An-Nisaa, Aayah ya 29.

JE, UCHACHE WA MUDA NA PESA HUBADILISHA HUKUMU?

Haubadilishi. Allaah Ameikutanisha kamari na pombe katika Aayah moja, na kuhusu pombe tumefundishwa katika Hadiyth iliyopokewa na Abuu Daawuwd na At-Tirmidhiy kutoka kwa Jaabir (Radhiya Allaahu 'anhu) kwamba chenye kulevya kikiwa kingi, basi kichache chake nacho ni haramu. Kikombe ni haramu, na kijiko nacho ni haramu. Na katika kamari ni vivyo hivyo: shilingi mia ni kamari kama ilivyo laki moja, na raundi moja ni kamari kama zilivyo raundi mia. Tofauti iko katika ukubwa wa madhara na wa dhambi, haiko katika asili ya hukumu.

HESABU YA RAUNDI

Wengi hawaoni madhara kwa sababu hawajawahi kukaa na kalamu wakapiga hesabu. Tupige pamoja.

Mchezo wa Aviator unatangazwa kuwa unarudisha kwa wachezaji asilimia 97 ya madau. Kijana akisikia hivyo anasema: kampuni inachukua 3 tu katika kila 100, ni haki kabisa. Lakini hiyo 3 haikatwi mara moja kwa siku, wala haikatwi katika pesa aliyoiingiza. Kwa wastani inakatwa katika kila dau, kila raundi.

Chukua mtu mwenye shilingi 500 anayeweka dau la 100. Raundi moja ikichukua sekunde 20, dakika kumi ni raundi 30. Amekwishazungusha madau ya shilingi 3,000, ingawa mfukoni alikuwa na 500 tu, kwa kuwa anachoshinda anakirudisha. Asilimia 3 ya 3,000 ni shilingi 90. Akicheza saa nzima ni raundi 180, madau ya shilingi 18,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 540. Yaani ile 3 ndogo, kwa wastani, imekula pesa yote aliyokuja nayo na zaidi. Wapo watakaotoka na faida siku hiyo, na wapo watakaomaliza zote katika dakika tano za mwanzo. Hesabu ya jumla haibadiliki, na kampuni inaishi kwa hiyo hesabu ya jumla.

Mwingine husema: mimi sina tamaa, natoa mapema, nikifika mara 1.20 nabonyeza. Kwa mchezo unaorudisha 97 kwa 100, kidege kitafika mara 1.20 takriban mara 81 katika raundi 100. Kwa dau la 100, kila ushindi unampa faida ya 20. Mara 81 ni shilingi 1,620. Raundi 19 zilizobaki anapoteza 100 kila moja, ni shilingi 1,900. Ameshinda mara 81, ameshindwa mara 19, na bado ana hasara ya 280. Moyo wake unakumbuka ushindi 81. Mfuko wake unakumbuka hasara.

Wa tatu husema: mimi nikishindwa naongeza dau mara mbili, nikishinda mara moja zinarudi zote. Anaanza na 10, kisha 20, 40, 80, 160, 320, 640. Akishindwa mara saba mfululizo amekwishatoa 1,270, na dau linalofuata ni 1,280, yote hayo kwa kuifukuzia faida ya shilingi 10. Anayelenga mara 2 hushindwa zaidi kidogo ya nusu ya raundi zake, na kushindwa saba mfululizo hutokea takriban mara 1 katika kila majaribio 100. Kwa anayecheza raundi 180 kwa saa, mara 1 katika 100 haiko mbali.

UFUPI NDIO MTEGO WENYEWE

Hapa ndipo tunapotaka ndugu yetu azingatie zaidi. Yeye anaona kuwa kucheza kidogo kidogo ni kujizuia. Ukweli ni kwamba mchezo umetengenezwa uchezwe hivyo hivyo.

Katika karne iliyopita mwanasaikolojia wa Kimarekani B. F. Skinner alionyesha kwa majaribio ya wanyama kuwa malipo yanayokuja bila ya mpangilio unaotabirika humfanya mnyama aendelee kurudia kitendo kwa muda mrefu, hata malipo yanapokatika. Njiwa anayepata punje kila anapodonoa huacha mapema punje zikiisha. Anayepata mara moja moja bila kujua lini, hudonoa na kudonoa. Kidege nacho kinatoa punje kwa mpango huo huo. Na kila raundi inavyokuwa fupi, ndivyo mtu anavyopata nafasi chache za kutafakari baina ya hasara moja na nyingine. Aliyeshindwa kwenye mechi ana saa nzima au siku nzima ya kupoa na kujuta. Aliyeshindwa kwenye kidege ana sekunde tano, na katika sekunde hizo kitufe cha dau tayari kinamwita.

Jambo hili limewashtua hata wasiohukumu kwa Shariy'ah. Uingereza kamari ni halali kisheria, lakini msimamizi wake wa kamari aliweka masharti mwaka 2021 kwamba mzunguko mmoja wa mashine za picha mtandaoni usipungue sekunde 2.5, akapiga marufuku mashine kujichezesha yenyewe, na akakataza shangwe na muziki pale mchezaji anaporudishiwa kiasi kisichozidi dau lake. Januari 2025 michezo mingine ya kasino mtandaoni ikawekewa sekunde 5 kwa uchache. Shirika la Afya Duniani nalo linauhesabu uraibu wa kamari kuwa ni maradhi, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022. Hapa kwetu, Aprili 2025, bodi inayosimamia kamari Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Wote hao hawakuanza na Aayah, bali walifika kwa kuona madhara kwa macho yao.

Sasa turejee zile sababu nne za Suwrat Al-Maaidah. Uadui na chuki: ni nyumba ngapi zimegombana kwa kodi iliyopotea usiku mmoja? Kuzuiwa na dhikri na Swalaah: mchezo usio na mwisho, ambao kila raundi inaahidi raundi inayofuata, unampitishia mtu adhana ya Alasiri na ya Magharibi naye anasema bado kidogo. Mchezo wa zamani ulikuwa na mwisho, kwani ngamia akisha, wamekwisha. Huu hauna ngamia wa kwisha.

HOJA ZINAZOLETWA NA MAJIBU YAKE

1. "Huu ni ujuzi, si bahati. Najua kuisoma ile chati."

Mahali pa kuanguka kidege panaamuliwa na programu, na raundi iliyopita haina uhusiano na ijayo. Ile safu ya namba zilizopita inayoonyeshwa juu ya kioo haitabiri chochote. Wanaouza "ishara" na programu za kutabiri katika makundi ya simu ni wezi wanaomwibia anayeibiwa. Lau wangejua kidege kitaanguka wapi, wasingekuuzia wewe kwa shilingi elfu moja.

2. "Mchezo unaweza kuhakikiwa kuwa hauna udanganyifu."

Ni kweli kuwa baadhi ya michezo hii inampa mchezaji njia ya kukagua kuwa matokeo ya raundi hayakubadilishwa baada ya madau kuwekwa. Hilo linahakikisha tu kuwa kamari imechezeshwa kama ilivyotangazwa. Mishale ya Waarabu nayo ilitolewa mbele ya mashahidi. Kukosekana kwa udanganyifu hakuifanyi kamari kuwa biashara.

3. "Kampuni ina leseni ya serikali na inalipa kodi."

Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1966, na mwaka 2025 imetunga mpya. Leseni inaeleza kuwa dola haitamshitaki mwenye kampuni. Haielezi kuwa Allaah Ameridhia. Baa nazo zina leseni, na hakuna Muislamu anayeichukua leseni ya baa kuwa dalili ya kuhalalisha pombe.

4. "Abuu Bakr (Radhiya Allaahu 'anhu) aliwekeana dau na Maquraysh."

Ni kweli aliwekeana nao dau juu ya ushindi wa Warumi uliotabiriwa katika Suwrat Ar-Ruwm, na Maulamaa wengi wamebainisha kuwa hilo lilikuwa Makkah kabla ya kuharamishwa kamari. Aayah za Al-Maaidah ziliteremka Madiynah. Mtu hachukui kisa cha kabla ya katazo akakivunjia katazo.

5. "Hata mashindano yenye zawadi yameruhusiwa."

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ameruhusu zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na kurusha mishale, kama ilivyopokewa na Abuu Daawuwd na At-Tirmidhiy, kwa kuwa ndani yake mna maandalizi ya kuilinda Dini. Maulamaa wamekhitilafiana katika kuyafananisha mengine na hayo, kama mashindano ya elimu. Hakuna aliyefananisha nayo kubonyeza kitufe ukisubiri bahati.

6. "Nacheza kwa bonasi ya bure" au "nacheza ile ya majaribio isiyo na pesa."

Bonasi ni chambo, na sharti lake la kawaida ni kuizungusha mara nyingi kwa madau kabla ya kuitoa. Ama ya majaribio, kwa kuwa haina mali ndani yake, haina sura kamili ya qimaar, lakini ni mazoezi ya kuingia haramu na imewekwa kwa lengo hilo. Kuziba njia zinazoelekea kwenye haramu ni msingi unaojulikana katika fiqhi, basi iachwe.

7. "Nikishinda nitatoa sadaka, nitamsaidia mama."

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abuu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu) kwamba Allaah ni Mwema na Hakubali ila kilicho chema. Mama yako anahitaji ile shilingi 500 ya halali uliyokuwa nayo asubuhi.

ALIYEKWISHAINGIA AFANYE NINI?

Kwanza, asikate tamaa. Katika Suwrat Az-Zumar, Aayah ya 53, Allaah Amewaita waja Wake waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na Rahma Yake, kwani Yeye Husamehe dhambi zote. Shaytwaan humwingiza mtu kwenye kamari kwa kumwambia "ni dakika tano tu", na humzuia kutoka kwa kumwambia "umekwisha, huna pa kurudi". Kauli zote mbili ni za uongo.

Masharti ya tawbah yanajulikana: kuacha hapo hapo, kujuta, kuazimia kutorudi, na kurudisha haki za watu. Kuhusu mali, tunafafanua:

Pesa iliyobaki katika akaunti. Aitoe. Kiasi cha mtaji wake alichokiingiza ni chake. Kinachozidi hapo ni pato la haramu. Hairudishii kampuni ya kamari ikaitumia kwa uovu zaidi, bali anaitoa kwa mafakiri au maslahi ya jamii kwa nia ya kujitakasa nayo, pasi na kutaraji thawabu ya sadaka. Ikiwa yeye mwenyewe ni fakiri asiye na kitu, baadhi ya Maulamaa wamemruhusu achukue kiasi cha haja yake.

Pesa aliyoipoteza. Asiifukuzie. Kauli ya "nirudishe zangu tu kisha niache" ndiyo iliyowaangamiza wengi kuliko tamaa ya utajiri. Aihesabu kuwa imekwenda.

Mali ya watu. Hapa pana uzito mkubwa. Wapo waliochezea floti ya uwakala, pesa ya kikoba, mchango wa msiba, ada ya mtoto, au mauzo ya duka la mwajiri. Hiyo ni khiyana ya amana juu ya kamari, na haifutiki kwa istighfaar peke yake. Ni wajibu kuirudisha au kuomba msamaha kwa mwenyewe. Asiyeweza kulipa kwa mara moja amwendee mwenye haki, akiri deni, na waandikiane namna ya kulipa kidogo kidogo. Aibu ya kukiri leo ni nyepesi kuliko kusimama Siku ya Qiyaamah, siku ambayo, kama alivyopokea At-Tirmidhiy kutoka kwa Abuu Barzah (Radhiya Allaahu 'anhu), mja ataulizwa juu ya mali yake ameipata wapi na ameitumia katika nini.

Mikopo ya simu. Wengi wanamaliza salio kisha wanakopa katika simu ile ile ili waendelee, wakaongeza ribaa juu ya kamari. Deni hilo lilipwe mapema iwezekanavyo lisije likazidi, na mtu asikope tena mkopo wa ribaa kulipa wa ribaa. Ndugu na jamaa wenye uwezo wana fadhila kubwa katika kumsaidia aliyetubu, na lililo bora ni kumlipia moja kwa moja anayemdai kuliko kumpa yeye pesa mkononi.

Kazi ya kuitangaza. Vijana wanaolipwa kwa kusambaza viungo vya kasino, kurikodi video za ushindi au kuingiza wachezaji wapya, pato lao ni haramu, kwa kuwa ni kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa katika Suwrat Al-Maaidah, Aayah ya 2. Na wanabeba sehemu ya dhambi ya kila waliyemwingiza.

HATUA ZA KIVITENDO

Azma peke yake mara nyingi haitoshi, kwa sababu adui yuko mfukoni saa 24. Tunanasihi haya:

1. Omba kampuni ifunge akaunti yako kabisa, kisha ufute programu na uzuie jumbe zao. Toka katika makundi yote ya "ishara" na mikeka.

2. Mkabidhi mtu unayemwamini, mke, mama au kaka, sehemu kubwa ya kipato chako kwa miezi ya mwanzo. Kaa na pesa ya matumizi ya siku tu. Hilo halikupunguzii heshima. Mgonjwa akijikinga na kilichomdhuru husifiwa.

3. Zijue saa zako za hatari. Aliyekuwa akicheza kijiweni atafute cha kufanya kijiweni. Aliyekuwa akicheza kitandani aiache simu nje ya chumba, atawadhe, asome nyiradi za kulala.

4. Mwambie mtu mmoja. Kamari ya simu inanawiri kwa siri. Ukiona umeshindwa kuacha peke yako, mwendee imaam au mwalimu wako, na pia mwendee daktari au mshauri wa afya ya akili, kwani kutafuta tiba ni katika Sunnah.

5. Fuatishia ovu kwa jema. Imo katika Suwrat Huwd, Aayah ya 114, kuwa mema huondosha maovu.

Kwa wazazi, wake na waume: dalili ni simu isiyoachwa hata msalani, hasira za ghafla, mikopo midogo midogo isiyoelezeka, vitu vya nyumbani vinavyouzwa. Mkiziona, ulizeni kwa upole kabla ya kulaumu, maana anayefokewa hujificha zaidi. Wala msimlipie madeni kila mara kwa siri huku mchezo unaendelea, kwani huko ni kumwongezea dau.

Kwa maimaam na walimu wa madrasa: khutba inayosema "kamari ni haramu" kijana ameisikia na anaikubali. Hajajua kuwa kidege kile ndiyo kamari yenyewe. Kitajwe kwa jina lake, na hesabu yake ielezwe mbele za watu.

KHITIMISHO

Imepokewa na Al-Bukhaariy kutoka kwa Ibn 'Abbaas (Radhiya Allaahu 'anhumaa) kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi wamepunjika kwazo: afya na wasaa. Zile dakika tano za kijiweni ni wasaa. Ndani yake mtu anaweza kusoma ukurasa mmoja wa Qur-aan, kumpigia simu mzazi, au kupumzika tu akili yake, na hayo yote ni kheri kwake. Anayemwambia kuwa dakika hizo hazina hesabu, kila usiku anazihesabu zake yeye, raundi kwa raundi.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Awatoe vijana wetu katika mtego huu, Awape rizki ya halali yenye baraka, na Azipokee tawbah za wanaotubu.

Na Allaah Anajua zaidi.